Mizinga Niliyosema Haipo

Kalunde,

Leo asubuhi umeniamkia mara mbili na sikukuitikia. Mara ya kwanza ulidhani sijasikia, ukarudia kwa sauti kubwa kama unamwamkia kiziwi. Nilisikia zote mbili. Kilichoharibika kwangu ni macho, masikio mazima. Na kwa kuwa ni mazima, jana nilikusikia pia ukiongea na simu uani, umeegemea tangi la maji, unacheka na huyo bosi wako.

Sasa umekwenda kusuka kwa Mama Zuhura, na yule mwanamke akishika kichwa cha mtu anasimulia mtaa mzima wa Chemchem kabla hajakiachia. Hutarudi mapema. Nimekaa mlangoni penye mwanga na daftari lako la kidato cha pili, lile lililobaki kurasa nyuma. Usiku siwezi kuandika, hata taa ya umeme naiona kama imemwagiwa maziwa. Mwandiko ukipinda utauvumilia. Nina darasa la nne la misheni, na ninajivunia hilo darasa la nne kuliko wewe unavyojivunia digrii zako mbili.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji wala chandarua. Hayo nilikufundisha tangu mama yako alipokuacha kwangu akaenda zake kuolewa Mpanda. Kama una miaka thelathini na minne na bado hujayashika, basi uugue tu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema kwenye simu juu ya kile kijiji kitakachohamishwa kupisha bwawa. Ulisema, "Wanaume hawapo, wako kambi za asali mpaka mwezi ujao. Haina shida, tutawahoji wanawake. Siku nne zinatosha." Nikakuita. Nikakuambia, Kalunde, subirini hao wanaume warudi. Na wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, ukanijibu, "Bibi, ni fomu tu. Hizi kazi zetu huzijui."

Sizijui. Haya. Kaa kitako, mke mwenzangu, nikuoneshe ninavyozijua.

Fungua begi lako upande wa chini, chini ya zile suruali. Nimeitia humo ile picha yangu ya ukutani. Usishtuke, kioo nimekifunga kwenye taulo. Ni ile ile uliyokua ukiitazama: mimi msichana wa miaka kumi na tisa, nimevaa gauni la maua, nimeweka mkono juu ya meza, na pembeni yangu yule kijana msomi kutoka Dar es Salaam na kalamu yake. Ulikuwa ukiwaleta wenzako wa shule kuitazama. "Bibi yangu alikuwa mkalimani wa mtafiti!" Na mimi nikisikia hivyo najinyoosha, nawapa karanga. Uliponiambia chuoni unakwenda kusomea hiyo kazi, ambayo jina lake mpaka leo linanishinda kulitamka, ulisema ni kwa sababu ya picha hii. Nilikaa kimya. Nimekaa kimya miaka yote hiyo, na ukimya huo nao uandike kwenye makosa yangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeolewa hata mwaka haujaisha. Babu yako na baba yake, Mzee Mihayo, walikuwa watu wa nyuki. Kwao ni huko huko ng'ambo ya Ulyankulu unakokwenda wewe, ila ni ndani zaidi, mwendo wa siku kwa miguu. Kiangazi kikiingia wanaume wanakwenda kambini porini, wiki nne, wiki tano, wanarina asali. Nyumbani tunabaki wanawake, watoto na wagonjwa. Na pale ukweni kulikuwa na mwiko: wanaume wakiwa kambini, mwanamke hataji mizinga. Hasemi iko wapi wala mingapi wala ya nani. Walisema nyuki wakisikia wanatajwa na mtu asiyewaona, wanahama. Mwenye mizinga akirudi, basi uliza utakavyo, atakuchukua mwenyewe akakuoneshe mmoja mmoja.

Mimi nililelewa misheni. Mwiko ule nikiuona ushamba. Nilikuwa naushika mbele ya mama mkwe, moyoni nacheka.

Ndipo akaja yule kijana. Ulikuwa wakati ule wa kuhamishiwa vijijini, kila mahali watu wanahamishwa, na yeye alitumwa atangulie kuandika watu wana nini, kama wewe kesho. Wanawake walimpa jina Bwana Daftari, maana hata akila ugali daftari liko pajani. Alikuwa mpole, nisimsingizie. Ila alikuwa na siku tatu tu, na Kinyamwezi hakujua hata cha kuombea maji. Akauliza nani hapa anajua Kiswahili kizuri. Wote wakanigeukia. Kalunde, ungeniona! Nilikwenda kuvaa gauni.

Akaketi mezani, mimi nimesimama pembeni yake, wanawake wamekaa chini wanapukuchua mahindi. Nyumba ngapi, akaandika. Mashamba, akaandika. Kuku, mbuzi, akaandika. Halafu akasema, "Waulize, huko porini wana mali gani?"

Nikawauliza. Mama mkwe hakuinua kichwa. Akasema kwa Kinyamwezi, "Mwambie wenyewe wako kambini, sisi hatutaji. Mwezi ukiandama watarudi. Naye arudi, watampeleka akaione kwa macho yake."

"Anasemaje?" akauliza Bwana Daftari, kalamu iko juu.

Hapo ndipo penye kosa langu. Ningetafsiri vile vile tu. Maneno yale si magumu, hata mtoto angeyatafsiri. Lakini nilimtazama yule kijana na shati lake jeupe, nikamwona jinsi atakavyotabasamu. Wana mwiko wa nyuki! Atakwenda kuwasimulia wenzake, na mimi nitakuwa mmoja wa hao wanaosimuliwa. Nikaona haya. Niliwaonea haya watu wangu mbele ya mtu aliyekuwa na siku tatu.

Nikasema, "Anasema hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Ni pori tu."

Akaandika. Aliandika neno moja, fupi, sikuwahi kuona mtu anafurahi hivyo kwa neno moja, maana lilimwokolea kazi ya wiki nzima. Akanisifu Kiswahili changu. Akatoa kamera yake, akatupiga picha.

Sasa itazame tena. Usinitazame mimi, mimi umenitazama vya kutosha. Nyuma yangu kushoto kuna mwanamke amekaa chini na gunzi mkononi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza huyu nani, kwa nini hatazami kamera, nikakuambia ni jirani, alikuwa mgonjwa. Ni mama mkwe wangu. Kiswahili hakukijua, lakini neno "hakuna" alilijua. Ananitazama mimi.

Aliweza kunisahihisha hapo hapo. Hakufanya. Angesema nini? Angetaja mizinga, avunje mwiko? Nilikuwa nimemfunga pande zote mbili.

Basi. Bwana Daftari akaondoka, karatasi yake ikafika ilikofika, na malori yakaja kabla mwezi haujaandama. Wanaume walirudi kutoka kambini wamebeba vilindo vya asali, yale makasha ya magome, wakakuta nyumba zimeng'olewa milango na sisi tumeshushwa kwenye kijiji kipya karibu na barabara. Na pori limefungwa. Hakuna kuingia, hakuna kukata, hakuna kulala humo. Kwa nini lisifungwe? Imeandikwa halina mtu.

Mzee Mihayo akaenda kwa bwana aliyekuwa akisimamia uhamishaji. Watu tumejaa, tunasikiliza. Akasema, "Nyumba nimeiona mmenipa. Shamba nitalima. Na mizinga yangu?"

Yule bwana akafunua karatasi, akapitisha kidole. "Mizinga gani, mzee? Hapa imeandikwa hakuna."

"Nani kasema hakuna?"

"Si mkwe wako huyo? Huyu aliyetafsiri."

Wote wakanigeukia, kama siku ile waliponigeukia kunichagua. Wewe umesoma mila za watu, unajua heshima ya mkwe na mkwe kwetu. Mzee yule alikuwa hajawahi kuingia chumba nilichomo. Akinikuta njiani anapisha. Hajawahi kuniinulia sauti, na kunikosoa mbele ya watu ilikuwa ni sawa na kunivua nguo. Mikono yake ilikuwa bado ina nta. Kisha akasema, polepole, "Kama yeye amesema hakuna, basi hakuna."

Akageuka akaenda zake.

Kalunde, mimi nimezaa watoto saba na kuzika watatu. Nimepigwa na ndugu zangu nikiwa mdogo, nimetukanwa na wake wenza wa dada yangu, nimeugua mpaka nikanyolewa nywele. Hakuna kilichoniuma kama lile neno. Angesema mwongo huyu, ningelia, ningepiga magoti, tungekwenda kumtafuta Bwana Daftari hata kwa miguu. Aliniheshimu. Heshima ile ilipiga muhuri uongo wangu.

Waliojaribu kurudi porini walifukuzwa. Babu yako alikwenda kwa kujificha mara mbili, ya tatu wakamkamata, akakaa ndani wiki tatu, akatoka ameacha. Ndipo tukaja mjini, na Mzee pamoja nasi, babu yako akawa anashona viatu. Wewe ulimjua fundi viatu. Hukumjua yule kijana aliyekuwa akipanda mti wa myombo na mwenge wa moshi mkononi akiimba. Na Mzee Mihayo mpaka anakufa hakuramba asali tena. Nilikuwa nikimtilia kwenye uji, nimeinunua sokoni, nampelekea kwa mkono wa mtoto. Bakuli linarudi limejaa. Hajawahi kusema kwa nini.

Bwana Daftari aliituma hii picha kwa posta, na barua ya kushukuru. Hakuja tena. Sidhani kama alijua alichofanya. Alirudi kwao na kazi yake ikasifiwa.

Unajua kwa nini namkumbuka sana siku hizi? Kwa sababu ya Nzega. Uliporudi kutoka kule kwenye wale watu waliohamishwa kupisha machimbo, uliniletea kanga mbili. Ukasema, "Bibi, akina mama wamenipa wenyewe, walifurahi." Nikakuuliza, watahamia wapi? Ukasema, "Sijui, mkataba wangu uliisha kabla hawajahama." Ukaenda kuoga. Zile kanga sijazivaa, ziko sandukuni na nyuzi zake. Siku zile ulikuwa huli. Ulidhani sioni? Miaka kumi unaifanya kazi hii, na kila safari unarudi na sifa na unarudi umepungua.

Usinielewe vibaya. Sisemi kazi yako mbaya. Mtu lazima aende, akakae na watu, aandike walicho nacho, la sivyo watafunikwa na maji ya hilo bwawa kama panya. Najua wewe unaandika vizuri. Ulipokuwa darasa la tano uliandika habari za mbuzi wetu mpaka mwalimu akataka kuja kumwona. Ninachosema, kijiji hicho unachokwenda, kikihamishwa watu watalipwa kile tu utakachokiandika wewe. Ukiwahoji wanawake wiki hii watakujibu kama mama mkwe wangu, au watanyamaza. Na patakuwepo msichana mmoja amevaa vizuri, anajua Kiswahili cha kwenye simu, yuko radhi kukufurahisha. Huyo ndiye umwogope. Huyo ni mimi.

Baba yake Mzee Mihayo alikuwa mpagazi wa ile njia ya zamani, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Mzee alitusimulia kwamba wakifika kambi, msimamizi anapita anahesabu mizigo. Mpagazi akifia njiani mzigo wake wanagawana wenzake, jioni hesabu imetimia. Na aliyekuwa anakula vizuri kwenye msafara mzima, baada ya mwenye mali, alikuwa mkalimani. Mzee alisimulia hilo nami niko jikoni nasikia, miaka mingi baadaye, watoto wanacheka. Sijui kama alinikusudia. Nilitoka nikaenda kuchota maji yasiyohitajika.

Sasa najua utasema nini, kwa maana nimekulea. Utasema, Bibi, si mimi ninayepanga siku. Utasema bosi akiambiwa tusubiri mwezi mzima atamtafuta mwingine. Ni kweli. Utasema ni mara ya kwanza jina lako litakaa juu ya jalada na si katikati ya majina ya wengine. Kweli tena. Na utasema jambo ambalo hukulisema jana kwa sababu una adabu kidogo: kwamba ni mkataba huu utakaonipeleka Dar es Salaam nikatolewe huyu mtoto wa jicho.

Kalunde, macho yangu usiyaweke kwenye mizani hiyo. Nakukataza. Nimeshayaona ya kuona. Nikipofuka utanishika mkono mpaka chooni na nitakusema njia nzima kwamba unanivuta. Lakini usije ukanifungua macho halafu kitu cha kwanza nitakachokiona kiwe jalada lenye jina lako, na ndani yake neno langu.

Kwa hiyo nakuomba. Nimeandika nakuomba, isome tena, hujawahi kuiona kwangu. Ukifika, wanawake usiwaulize mizinga. Waambie unajua wenyewe wako kambini. Utaona watakavyoinua vichwa. Halafu omba mtu wa kukupeleka huko kambini, ulale kwenye majani, uumwe na nyuki. Kama bosi hataki kusubiri na hataki uende kambini, usitie sahihi yako. Waandike wao. Usiandike hakuna. Hata kama umeandika "hatukupata taarifa", hata hilo lina heshima kuliko hakuna.

Mzee Mihayo alikuwa na alama yake. Kila mwenye mizinga anayo, anaichonga kwenye mzinga na kwenye mti unaoubeba, ili mwingine asiguse. Yake ilikuwa mguu wa kuku: mistari mitatu imekutana chini, na wa nne mfupi nyuma. Nimeichora mwisho wa karatasi hii, imepinda kidogo lakini ndiyo hiyo. Mizinga yake itakuwa imeoza zamani. Miti haiozi upesi hivyo. Wakikupeleka ndani sana, kabla ya bonde, tazama mashina ya miombo mikubwa, juu kidogo ya kichwa chako. Ukiiona hiyo alama, usiwaambie wewe ni nani. Toa kalamu uandike kwamba hapa palikuwa na mizinga ya Mihayo. Maji yakija yaikute imeandikwa.

Nasikia geti. Nadhani ni wewe, au ni yule wa mkaa. Nimalizie.

Ile shikamoo yako ya leo. Nilitaka kukuambia nitaiitikia ukirudi umefanya nilivyokuomba. Nimeikata hiyo sentensi, unaona nilivyoifuta hapo juu pembeni. Mzee Mihayo baada ya siku ile aliishi miaka kumi na moja. Kila asubuhi nilipiga goti mlangoni kwake nikamwamkia, na kila asubuhi aliniitikia marahaba, kwa sauti ile ile, kana kwamba sikumfanya kitu. Hakuniruka hata siku moja. Sijui adhabu nyingine iliyo nzito kuliko hiyo.

Basi ukirudi, uwe umeandika au hukuandika, njoo uniamkie. Nitakuitikia. Namna utakavyoisikia utajua mwenyewe.

Ni mimi niliyesema hakuna,
Bibi yako Nyamizi.